Taka za Kongowea Nazo Zipimwe

Adhana ya alfajiri haijasikika bado, lakini soko la Kongowea limeshaamka zamani. Malori yameingia usiku kucha: ndizi za Taveta, nyanya na vitunguu vya Oloitoktok, viazi na kabeji za bara, machungwa ya Muheza yaliyovuka mpaka pale Lunga Lunga. Mahamali wanashusha magunia migongo ikiwa imeinama, mikokoteni inatafuta upenyo, na kila hatua chache pana mizani. Gunia la viazi hupimwa. Tenga la nyanya hukisiwa kwa jicho la mtu aliyelikisia kwa miaka ishirini, na jicho hilo halikosei kwa mengi. Hakuna kinachobadilisha mikono hapa bila kujulikana ni kiasi gani.

Kufikia saa nne asubuhi, kitu kingine kimeanza kurundikana. Mwenye kabeji huchukua kisu akamenya majani ya nje yaliyochubuka njiani, akayaachia chini. Nyanya zilizopasuka zinatupwa kando. Vikonyo vya mikungu ya ndizi, maganda ya mahindi mabichi, maembe yaliyoingia maji, machungwa yenye ukungu, vyote vinasukumwa kwa ufagio hadi kwenye lundo. Maji meusi yanachuruzika chini yake. Lundo likikaa siku mbili tatu, chomeka mti ndani yake, usubiri kidogo, kisha uuchomoe: ncha yake hutoka ya moto. Lundo hilo linapikika lenyewe.

Halafu huja lori, na taka hupakiwa kwa sepetu, mboga na plastiki na viatu vya mitumba vilivyokosa mnunuzi, pamoja. Taka hizi haziulizwi kilo zake.

Kongowea si jina la jana. Wapwani wenye kumbukumbu wanajua kwamba ni mojawapo ya majina ya kale ya Mombasa yenyewe, likihusishwa na Mwana Mkisi, malkia anayesimuliwa kuwa alitawala kabla ya ukoo wa Shehe Mvita. Leo ni wadi katika Nyali, ng'ambo ya daraja lililofunguliwa mwaka 1980, jirani na Kengeleni na Freretown, walikopewa makao watumwa walioachwa huru katika miaka ya 1870. Soko lake la jumla ni miongoni mwa makubwa zaidi Kenya. Linalisha kisiwa, Kisauni, Likoni na Changamwe, na hoteli za pwani ya kaskazini. Ndiyo maana anayetaka kujua kama serikali ya Kaunti ya Mombasa inapunguza gesi zinazoipasha dunia joto anapaswa kuanzia hapa, nyuma ya vibanda, palipo na lile lundo la moto. Ofisini aende baadaye.

Dai hilo linahitaji kuelezwa, kwa sababu mtu akisikia gesi chafu hufikiria moshi. Hufikiria matatu inayopanda mlima wa Kipevu ikitoa wingu jeusi, mabomba ya kiwanda, meli zinazosubiri kuingia Kilindini. Vyote hivyo vinatoa kaboni, na kwa wingi. Lakini angalia ni nani mwenye funguo zake. Bandari iko chini ya Halmashauri ya Bandari ya Kenya, ambayo ni ya serikali ya kitaifa. Meli zinafuata sheria za kimataifa. Reli ya SGR, iliyoanza safari za abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017 kwa injini za dizeli, ni ya taifa. Kiwanda cha saruji cha Bamburi, ambacho hutoa kaboni dioksidi kwa mafuta kinayochoma na pia kwa mawe ya chokaa yenyewe yanapochomwa, ni cha kampuni binafsi, na mwishoni mwa 2024 kampuni hiyo ilinunuliwa na Amsons ya Tanzania. Gavana anaweza kuwahimiza wote hawa. Kuwaamuru hawezi.

Umeme nao una habari njema ambayo kaunti haikuiandika. Karibu asilimia 90 ya umeme wa Kenya hutokana na jotoardhi, maji, upepo na jua. Zamani Pwani ilitegemea sana mitambo ya mafuta mazito ya Kipevu. Njia kubwa ya umeme kutoka Nairobi ilipokamilika mwaka 2017, umeme wa jotoardhi wa Olkaria ulianza kushuka hadi baharini, na mwaka 2021 mtambo wa Tsavo Power pale Kipevu ukazimwa mkataba wake ulipokwisha. Kwa hiyo kaunti inapobadilisha taa za barabarani na zile za mulika mwizi kuwa za LED au za sola, inaokoa fedha na kuwapa akina mama wa sokoni mwangaza wa kufungia biashara. Ni jambo zuri. Ila kaboni inayookolewa hapo si nyingi, kwa kuwa umeme wenyewe tayari ni safi kwa sehemu kubwa.

Taka ni hadithi nyingine. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeziweka wazi mikononi mwa kaunti: kuzoa taka, majaa ya taka, na utupaji wa taka ngumu. Masoko pia yamo humo. Lundo la Kongowea, tangu linapofagiliwa hadi linapozikwa, ni la kaunti kwa mujibu wa sheria ya juu kabisa ya nchi. Nalo, ingawa halitoi moshi, lina gesi ambayo wengi hawaijui kwa jina.

Gesi hiyo ni methani. Mboga ikioza mahali penye hewa, vijidudu huila na kutoa kaboni dioksidi na mvuke, kama ambavyo jani huoza chini ya mwembe. Ikifukiwa chini ya taka nyingine mahali pasipofika hewa, vijidudu vya aina nyingine hushika kazi, na hao hutoa methani. Haina rangi wala harufu. Uvundo wa jaa hutokana na gesi nyingine zinazoandamana nayo. Kwa hesabu ya miaka 100, kilo moja ya methani hupasha dunia joto kiasi cha mara 28 kuliko kilo moja ya kaboni dioksidi. Katika miaka 20 ya mwanzo ni zaidi ya mara 80.

Jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, IPCC, lilitoa mwaka 2006 mwongozo wa kukadiria gesi hii pale ambapo hakuna vipimo vya moja kwa moja. Ukiufuata, tani moja ya mabaki ya chakula ikizikwa kwenye jaa lenye kina cha zaidi ya mita 5 itatoa karibu kilo 40 za methani katika miaka yote ya kuoza kwake. Geuza hiyo kuwa kipimo cha kaboni dioksidi: ni kilo 1,100 hivi kwa kila tani. Tani ileile ikigeuzwa mboji, kwa mwongozo huohuo, hutoa takriban kilo 180.

Sasa chukua lori moja la tani 7, limejaa kabeji na nyanya zilizoharibika. Likizikwa, ni sawa na karibu tani 8 za kaboni dioksidi, yaani kuchoma kama lita 3,000 za dizeli. Matatu inayokwenda kilomita 10 kwa lita ingeenda Nairobi na kurudi mara 30 kwa mafuta hayo. Hilo ni lori moja, la siku moja.

Je, kaunti imepiga hatua gani?

Ya kwanza inaonekana kwa macho. Kwa miaka mingi mgeni aliyeingia Mombasa kwa barabara ya Nairobi alipokewa na jaa la Kibarani. Lilikaa ukingoni mwa bahari kando ya barabara ya Makupa. Uvundo ulipenya hata kwenye gari lililofungwa vioo, na maji yake machafu yalishuka moja kwa moja kwenye mkondo. Mwaka 2018 lilifungwa, likafunikwa udongo, na miti ikapandwa. Mwaka 2022 daraja jipya la Makupa likafunguliwa karibu na hapo, na maji ya bahari yakapata njia ya kupita tena mahali palipozibwa miaka mingi. Anayepita leo huona kijani. Mabadiliko hayo yanastahili sifa, na wanaokaa Changamwe na kupita hapo kila asubuhi wanajua thamani yake kuliko mtu yeyote.

Lakini uzuri wa Kibarani usiwapumbaze watu kwenye hesabu ya gesi. Jaa likifunikwa, kilicho chini yake huendelea kuoza kwa miaka mingi, na methani hutafuta nyufa za kutokea. Na taka mpya hazikukoma. Zilibadilisha njia tu. Sasa zinakwenda kwenye jaa la Mwakirunge, mwisho wa Kisauni kuelekea mpaka wa Kilifi. Lori la Kongowea lililokuwa likivuka kisiwa sasa linapanda kaskazini, linachoma dizeli kwenda na kurudi, na mwisho wa safari kabeji inazikwa vilevile. Mji umesafishika. Anga haijapata nafuu.

Hatua ya pili ni ya watu. Mpango wa Mombasa Yangu, ulioanzishwa na serikali ya Gavana Abdulswamad Shariff Nassir, umewaweka vijana barabarani wakiwa na mafagio na sepetu, kuzibua mitaro na kufagia mitaa. Mvua za masika zinapoanguka, mtaro uliozibuliwa ni tofauti kati ya duka kavu na duka lililojaa maji hadi magotini. Vijana hao hao, wakipewa mafunzo, wanaweza kuwa jeshi la kutenganisha taka. Kwa sasa kazi yao kubwa ni kuziondoa mbele ya macho.

Ya tatu ni ya makaratasi, na isidharauliwe. Sheria ya taifa ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zitenganishwe pale zinapozaliwa, zinazooza mbali na zisizooza, kwenye vyombo vyenye rangi tofauti, na inazitaka kaunti ziwe na mahali pa kuzichambua na kuzitumia upya. Aprili 2024 mamlaka ya mazingira, NEMA, ikatoa ilani kwamba taka zinazooza zisitiwe tena kwenye mifuko ya plastiki ya kawaida, bali kwenye mifuko inayooza pamoja nazo. Halafu upo mpango wa FLLoCA, unaofadhiliwa na Benki ya Dunia na wahisani wengine, ambao umezitaka kaunti ziwe na sheria ya tabianchi, mfuko wake, na kamati za wadi zinazochagua miradi. Mtu wa Kongowea ana kiti kwenye meza hiyo, hata kama hajaambiwa.

Kwa hiyo sheria ipo, na nguvukazi ipo. Kinachokosekana ni kazi ya katikati, ile ya kulizuia jani la kabeji lisikutane na mfuko wa plastiki. Hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote, na miji jirani imeshaionja.

Uganda ilitangulia. Mamlaka ya mazingira ya huko, kwa msaada wa Benki ya Dunia, ilijenga vituo vya mboji katika miji 9 kwa mpigo: Jinja, Mukono, Mbale, Soroti, Lira, Fort Portal, Kasese, Mbarara na Kabale. Mwaka 2010 mpango huo ukasajiliwa chini ya utaratibu wa Umoja wa Mataifa wa kuuza upungufu wa gesi. Halmashauri za miji ya Afrika Mashariki zilikuwa zimeingia kwenye biashara ya kaboni mapema kuliko wengi wanavyodhani. Matatizo yakaja na ukweli wa kila siku: taka zilifika vituoni zikiwa zimechanganyika, mashine ziliharibika zikakosa vipuri, na mkulima akikuta kipande cha chupa kwenye mboji harudi kununua tena. Mbali na vituo hivyo, Kampala iliendelea kurundika taka zake Kiteezi. Tarehe 10 Agosti 2024 mlima huo wa taka uliporomoka baada ya mvua ukazika nyumba za watu, na zaidi ya watu 30 wakapoteza maisha. Wanaoishi kando ya majaa ya Mombasa waliziona picha zile, na hawakuhitaji kufafanuliwa.

Mfano unaoifaa Kongowea zaidi uko Dar es Salaam. Manispaa ya Kinondoni, ikishirikiana na mji wa Hamburg na kwa fedha za serikali ya Ujerumani, ilijenga kiwanda cha mboji huko Mabwepande chenye uwezo wa kupokea tani 50 kwa siku. Werevu wake uko kwenye chaguo moja. Hawakuanza na nyumba za watu, ambako kila jiko lina tabia yake. Walianza na masoko. Taka za soko la mboga na matunda huja nyingi, mahali pamoja, kila siku, na sehemu kubwa yake ni mabaki matupu ya mimea. Huhitaji kubadili mienendo ya watu milioni moja. Unahitaji kukubaliana na wenye vibanda na wafagiaji wa soko moja.

Soko hilo kwa Mombasa ni Kongowea. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti nzima. Kuzifikia ndoo za jikoni za wote hao ni kazi ya kizazi. Kuligawa lundo la Kongowea katika sehemu mbili kunawezekana katika muhula mmoja wa gavana, tena kwa vitu ambavyo Pwani inavyo tayari.

Mboji nzuri hutaka mchanganyiko wa kibichi chenye maji na kikavu chenye nyuzi. Kibichi kimejaa sokoni. Kikavu kiko kila kona ya pwani hii: makumbi ya nazi yaliyosagwa, unga wa mbao kutoka kwa mafundi seremala, majani makavu, majani yaliyotandikwa chini ya mizigo ya matunda ndani ya malori. Vinapangwa kwa tabaka, vinanyunyiziwa maji, na lundo linageuzwa kila baada ya siku chache ili hewa ipite. Joto hupanda hadi nyuzi 55 na zaidi, likaua mbegu za magugu na vimelea. Baada ya miezi miwili mitatu, kilichoingia kikinuka hutoka cheusi, chepesi, chenye harufu ya ardhi iliyopata mvua ya kwanza. Mkulima wa Kwale au Kilifi, ambaye bei ya mbolea ya dukani ilimtesa vita vya Ukraine vilipoanza mwaka 2022, anaijua harufu hiyo.

Njia nyingine ni ya wadudu. Mabuu ya nzi askari mweusi hula mabaki ya matunda na mboga kwa wiki mbili hivi, wakanenepa, kisha wakakaushwa kuwa chakula cha kuku na samaki chenye protini nyingi. Kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, Nairobi, kimewafundisha wafugaji wengi nchini kazi hii. Mabaki ya mabuu nayo ni mbolea. Kwa kaunti inayozungukwa na wafugaji wa kuku na yenye vikundi vya vijana wanaofuga samaki kwenye mikono ya bahari, hili si jambo la kigeni.

Wapo watakaosema tuanze na mikoko, na wana hoja. Kule Gazi, Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza kaboni ya hekta 117 za mikoko tangu 2013, na fedha zake zimeleta maji na vitabu kijijini. Mikoko ya Tudor na ya Port Reitz, mikandaa na michu iliyokatwa kwa miaka mingi, inastahili kulindwa vivyo hivyo. Lakini kupanda mkoko ni kuifyonza kaboni iliyokwisha kutoka. Kongowea ni kuizuia gesi isitoke kabisa, na maji yanayochuruzika kutoka kwenye taka ndiyo hayo hayo yanayoiua mikoko. Kazi mbili hizi hazigombani.

Kenya imeahidi dunia, katika ahadi yake iliyotolewa upya Desemba 2020, kwamba ifikapo 2030 itakuwa imepunguza gesi hizi kwa asilimia 32 ikilinganishwa na kiwango ambacho zingefikia bila hatua zozote. Ahadi ya taifa haitekelezwi hewani. Hutekelezwa kwenye majaa kama Dandora na Mwakirunge, na nyuma ya vibanda vya Kongowea. Na hapo ndipo tatizo la Mombasa linapoonekana waziwazi: maendeleo yake yanahesabiwa kwa mitaa iliyofagiwa, malori yaliyonunuliwa na majaa yaliyofungwa. Kipimo cha gesi hakimo kati ya hivyo. Kipimo chake ni tani za mabaki ya chakula ambazo hazikuzikwa. Kaunti inayotaka kudai kwamba imepunguza gesi haina budi kuitaja idadi hiyo, kwa mwezi na kwa mwaka, na kuibandika mahali ambapo hamali na mwenye kibanda wataisoma.

Kazi hii haidai teknolojia ya ajabu. Mizani ya malori langoni, daftari, pipa la kijani na pipa jeusi kwa kila safu ya vibanda, uwanja wenye sakafu na paa usio mbali na soko, na lori moja lisilobeba kitu kingine ila mabaki ya mimea. Vyama vya wafanyabiashara wa soko viko, navyo vinajua kupanga zamu na kutoza ada. Mwenye kibanda analipa ushuru kila siku. Akionyeshwa kwamba lundo nyuma yake limepungua na nzi wamepungua, ataliweka jani la kabeji mahali panapotakiwa.

Kila mwaka, kufikia tarehe 28 Februari, serikali ya kaunti hupeleka mkakati wake wa fedha kwenye Bunge la Kaunti, na kufikia tarehe 30 Aprili hupeleka makadirio ya bajeti. Kabla ya hapo sheria inawapa wananchi nafasi ya kutoa maoni, na vikao vya hadhara huitishwa. Mara nyingi viti vya nyuma hubaki vitupu. Watu wa Kongowea, wenye vibanda, mahamali, wafagiaji na wanunuzi wa siku zote, waende. Wamwulize mwakilishi wa wadi na maafisa wa mazingira swali moja lenye jibu la tarakimu: mwaka uliopita, ni tani ngapi za mabaki ya soko hili ziligeuzwa mboji, na ni ngapi zilizozikwa Mwakirunge?